Gari Likivutwa Usiku: Jinsi ya Kukagua Kibao cha Maegesho na Kudai Haki Yako California

Unateremka ngazi alfajiri ukiwa na funguo mkononi, unafika pale ulipoegesha gari usiku, na unakuta lami tupu. Wazo la kwanza ni kwamba limeibwa. Ukiambiwa baadaye kwamba limevutwa na kampuni, wazo la pili, hasa kwa sisi tuliokuja Marekani kutoka Afrika Mashariki na Kongo, ni kwamba tumekosea na hatuna la kusema, kwa kuwa palikuwa na kibao, kibao kilikuwa na maandishi mekundu na namba za simu, na kitu chenye sura ya kiserikali hakibishaniwi. Nimewaona watu wakilipa mamia ya dola kwa dhana hiyo peke yake. Kibao hicho kimewekwa na mwenye eneo kwa manufaa yake mwenyewe, na sheria imembana kwa masharti ya kina kuhusu ukubwa wa kibao, mahali pa kukiweka na maneno yanayopaswa kuandikwa juu yake. Masharti hayo mtu yeyote mwenye tepu ya kupimia na simu ya kupigia picha anaweza kuyakagua mwenyewe.

Maelezo haya yanahusu jimbo la California, na yanahusu magari yaliyovutwa kutoka eneo binafsi, yaani maegesho ya nyumba za kupanga, maduka, makanisa, misikiti na ofisi. Sheria inayotawala ni Sheria ya Magari ya California, kifungu cha 22658, na inafaa kuikariri namba hiyo kwa sababu kuitaja tu kwenye dirisha la yadi, yaani mahali magari yaliyovutwa yanapohifadhiwa, hubadilisha namna unavyojibiwa. Kila jimbo lina vipimo vyake. Aliyeko Houston au Dallas atasoma sura ya 2308 ya sheria ya taaluma na biashara ya Texas (Occupations Code), ambako kibao kinapaswa kuwa na upana usiopungua inchi 18 na urefu usiopungua inchi 24, na ambako mwenye gari huomba kusikilizwa mbele ya hakimu wa mahakama ndogo ndani ya siku 14, bila kuhesabu Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Asitumie vipimo vya California kule, wala vya kule huku.

Jambo la kwanza la kufanya ni kupiga simu polisi wa eneo hilo, kwa namba yao ya kawaida na si ya dharura, na kuwatajia namba ya gari. Kampuni ya kuvuta magari inalazimika kuwaarifu polisi mara tu gari linapokuwa limetoka kwenye eneo na liko njiani, kwa hiyo polisi watajua kama limeibwa au limevutwa. Usiridhike na jina la kampuni peke yake. Uliza taarifa iliingia saa ngapi, na uandike jibu pamoja na saa uliyopiga simu. Kampuni iliyochelewa kutoa taarifa kwa zaidi ya dakika 30 inaweza kudaiwa na mwenye gari mara tatu ya gharama za kuvuta, na hutaweza kuthibitisha ucheleweshaji huo kama hukuuliza mapema. Naye aliyeamuru gari livutwe ana wajibu wake wa kuwaarifu polisi ndani ya saa moja.

Hapo hapo utajua pia kama ni polisi wenyewe walioamuru gari livutwe kutoka barabara ya umma, kwa mfano kwa sababu limekaa mahali pamoja zaidi ya saa 72. Ikiwa ni hivyo, njia yako ni nyingine: unaomba kikao cha kupinga uhifadhi wa gari ndani ya siku 10 tangu tarehe iliyoandikwa kwenye notisi, na kikao hicho kinapaswa kufanyika ndani ya saa 48 baada ya ombi, bila kuhesabu siku za mapumziko. Vibao ninavyovieleza hapa havihusiki huko.

Ipo bahati moja ambayo humtokea mtu mara chache, nayo ni kufika wakati lori la kuvuta bado liko maegeshoni. Wengi hufika, huona gari limeshanyanyuliwa magurudumu ya mbele, na kuamini kwamba muda umekwisha. Haujakwisha. Maadamu gari halijatoka kwenye eneo na kuingia njiani, ukimwambia dereva kwamba wewe ni mwenye gari na unataka aliachie, anatakiwa kuliachia papo hapo na bila masharti; kukataa ni kosa la jinai kwake. Kampuni inaruhusiwa kutoza hadi nusu ya ada ya kawaida ya kuvuta ikiwa gari lilikuwa limeshafungwa kwenye lori, na kama lilikuwa halijafungwa, hakuna cha kutozwa. Sema kwa sauti ya kawaida, washa kamera ya simu, na usipande juu ya gari wala kusimama mbele ya lori likitembea. Dereva akikaidi, piga simu polisi ukiwa hapo hapo.

Sasa tuje kwenye kibao, ambacho ndicho moyo wa jambo lote. Mwenye eneo anaweza kuamuru gari livutwe kwa mojawapo ya misingi michache tu. Anaweza kuwa ameweka kibao kinachotimiza masharti. Anaweza kuwa hakuweka kibao, lakini gari lilibandikwa notisi ya kosa la maegesho na saa 96 zimepita tangu hapo. Linaweza kuwa gari bovu lisiloweza kuendeshwa kwa usalama, kama lile lisilo na injini au magurudumu, na saa 24 zimepita tangu polisi waarifiwe. Au eneo lenyewe liwe ni kiwanja chenye nyumba ya familia moja. Kwa gari zima lililokaa usiku mmoja kwenye maegesho ya nyumba za kupanga, msingi unaobaki karibu kila mara ni ule wa kwanza, yaani kibao. Kibao kikianguka, uhalali wa kulivuta gari unaanguka nacho.

Sheria inataka kibao kiwe na ukubwa usiopungua inchi 17 kwa inchi 22, ambazo ni kama sentimita 43 kwa 56. Herufi zake zisipungue inchi moja kwa kimo. Kiwe mahali panapoonekana wazi, na kiwe kwenye kila mlango wa kuingilia eneo, wala si kwenye mlango mmoja mkubwa tu. Kiseme kwamba umma hauruhusiwi kuegesha na kwamba magari yataondolewa kwa gharama ya mwenye gari. Kiwe na namba ya simu ya polisi wa usalama barabarani wa eneo hilo, na kiwe na jina na namba ya simu ya kila kampuni ya kuvuta magari yenye mkataba wa jumla wa maandishi na mwenye eneo. Soma tena orodha hiyo taratibu, kwa sababu kila kipengele kinajitegemea, na kukosekana kwa kimoja kunatosha kuwa hoja.

Dada mmoja jirani yangu, mzaliwa wa Uvira, anayefanya kazi ya zamu ya usiku ya kuwahudumia wazee, alinipigia simu asubuhi moja akisema, "Kaka, gari yangu imeibwa." Alikuwa amelala kwa ndugu yake, kwenye majengo ya kupanga, na gari lilikuwa limevutwa kabla ya mapambazuko. Tulirudi pale pamoja tukiwa na tepu. Kwenye lango kuu kulikuwa na kibao, na ukisimama ukiwa umenyooka ungekiona. Lakini tulipoingia na gari jingine kwa namna alivyoingia yeye, akiwa ameketi kwenye kiti cha dereva na kukata kona kutoka kulia, tawi la bogenvilia lilifunika nusu ya juu, na kilichosomeka kilikuwa ni mstari wa mwisho tu. Tukakipima: inchi 12 kwa 18. Namba ya kampuni ilikuwapo, kubwa na nyekundu, lakini namba ya polisi haikuwapo kabisa. Kisha tukazunguka nyuma ya majengo, kwenye njia ya pili ya kuingilia inayotumiwa na wapangaji wanaotoka upande wa shule, na huko hakukuwa na kibao chochote, ila tundu mbili za parafujo kwenye ukuta.

Tulipiga picha hivi: picha ya kibao kizima kutoka mbali ili mazingira yaonekane, picha ya karibu yenye tepu imelazwa juu ya kibao, kwanza kwa upana kisha kwa urefu, namba za tepu zikisomeka, picha ya tepu kwenye herufi moja, video fupi kutoka kiti cha dereva gari likiingia polepole, na picha ya mlango wa pili ulio mtupu. Kama gari lilivutwa usiku, rudi pia usiku upige picha katika giza lile lile. Fanya yote haya siku hiyo hiyo. Mwenye eneo akishasikia kwamba unalalamika, kibao kipya kinaweza kuwekwa ndani ya siku mbili, na tawi likapunguzwa, na baada ya hapo itakuwa neno lako dhidi ya lake. Ndiyo maana ninasisitiza kwamba uende kwenye kibao kabla ya kwenda kwenye yadi ikiwa viko karibu, au umtume mtu unayemwamini akapige picha wewe ukielekea yadi.

Kibao kikiwa sahihi, bado kuna karatasi. California hairuhusu madereva wa malori ya kuvuta kuzunguka usiku wakijichagulia magari. Kila gari linalovutwa kutoka eneo binafsi linahitaji idhini ya maandishi iliyotiwa saini na mwenye eneo au mwakilishi wake, ambaye anatakiwa awepo pale gari linapoondolewa. Idhini hiyo inapaswa kutaja chapa na modeli ya gari, namba ya chesisi na namba ya usajili; jina, saini, cheo, anwani na simu ya aliyeidhinisha; sababu ya kuliondoa; saa gari lilipoonekana mara ya kwanza limeegeshwa; na saa idhini ilipotolewa. Idhini ya jumla, ile inayomwachia dereva wa lori aamue mwenyewe, imeruhusiwa kwa makosa machache ya hatari tu: gari lililo ndani ya futi 15 kutoka bomba la zimamoto, lililo kwenye njia ya zimamoto, au lililoziba njia ya kuingia au kutoka. Hata hapo dereva anatakiwa apige picha inayoonyesha kosa kabla ya kulivuta gari, na kampuni ikupe nakala bure. Yapo pia majengo madogo ya kupanga, yasiyozidi makazi 15 na yasiyo na msimamizi anayekaa pale, ambako mpangaji anaweza kuomba gari liondolewe, lakini naye anapaswa kuthibitisha kosa lenyewe na kutia saini.

Kampuni inawajibika kukupa nakala ya idhini hiyo kabla haijapokea malipo yako. Usisahau neno "kabla". Simama dirishani, omba nakala, isome, na linganisha saa zilizoandikwa. Nimeona idhini ambazo saa ya kuonekana kwa gari na saa ya idhini ni ile ile hadi dakika, jambo linaloashiria kwamba karatasi ilijazwa kwa mkupuo mmoja na mtu aliyekuwa mahali pengine kabisa. Pamoja na nakala hiyo, unatakiwa upewe notisi yenye namba ya simu ya polisi au ya mwendesha mashtaka wa kumpigia ukiamini kwamba gari lako limevutwa isivyo haki. Notisi hiyo huandikwa kwa Kiingereza na kwa lugha ya pili inayozungumzwa na watu wengi zaidi katika eneo hilo, ambayo mara nyingi ni Kihispania. Kiswahili hutakikuta, basi nenda na mtu anayeweza kusoma, au piga picha karatasi kabla ya kutia saini yoyote.

Kwa maegesho ya bure yaliyo wazi kwa umma, kama ya maduka, kuna ulinzi wa ziada katika kifungu cha 22953: gari haliwezi kuvutwa ndani ya saa moja tangu lilipoegeshwa, isipokuwa liwe kwenye njia ya zimamoto, mahali pa walemavu, karibu na bomba la zimamoto au limeziba njia. Risiti ya duka yenye saa iliyochapishwa imewaokoa wengi hapa. Wenye maegesho ya makazi hawafungwi na kifungu hiki.

Ushauri wangu kuhusu malipo huwaudhi wengine, lakini nimeuona ukifaa: ukiwa na uwezo, lipa utoe gari, kisha udai. Ada ya kuhifadhi huongezeka kila siku, na gari lisilokombolewa linaweza hatimaye kuuzwa ili kulipia deni la yadi, na hakuna hoja nzuri kuhusu kibao itakayokurudishia gari lililokwisha kuuzwa. Kulipa hakukuondolei haki ya kudai. Andika juu ya risiti, karibu na saini yako, kwamba unalipa huku ukipinga. Yadi inalazimika kupokea fedha taslimu au kadi ya benki iliyo halali. Ikisema inapokea taslimu tu, hilo ni kosa jingine la kuongeza kwenye orodha yako. Inapaswa kuwa ndani ya maili 10 kutoka mahali gari lilipovutwa, na iweze kutoa magari hata baada ya saa za kazi, kwa nyongeza yenye kikomo. Ukiomba gari na kulipa ndani ya saa 24 za mwanzo, unaweza kutozwa hifadhi ya siku moja tu. Vitu vyako vilivyomo ndani, kama nyaraka, nguo, simu na vifaa vya kazi, una haki ya kuvichukua bila malipo katika saa za kazi, hata kama hujapata fedha za kulikomboa gari. Dai ankara yenye mchanganuo, kila ada kwa mstari wake.

Kiasi chenyewe pia kina mpaka. Kampuni haiwezi kujipangia bei yoyote: ada inahesabiwa kuwa ya kupindukia ikizidi kile kikubwa kati ya viwango viwili, yaani kile ambacho kampuni za kuvuta zimekubaliana na polisi wa eneo hilo, na kile kilichoidhinishwa na Doria ya Barabara Kuu ya California kwa eneo hilo. Piga simu polisi uulize kiwango chao. Kampuni iliyotoza zaidi inadaiwa mara nne ya ilichotoza, na ndivyo ilivyo pia kwa kampuni iliyovuta bila idhini ya maandishi inayotakiwa.

Hapa watu wengi hukosea jambo moja ambalo huwagharimu kesi. Wanaidai kampuni ya kuvuta peke yake, kwa sababu ndiyo waliyoitazama usoni. Lakini kwa kosa la kibao, anayewajibika kisheria ni mwenye eneo au aliyeamuru gari livutwe, naye hudaiwa mara mbili ya gharama za kuvuta na kuhifadhi. Kwa kosa la idhini na la ada, ni kampuni. Basi waandikie wote wawili. Jina la mwenye majengo hupatikana kwenye mkataba wa kupanga au kwenye ofisi ya kumbukumbu za ardhi ya kaunti. Barua iwe fupi: tarehe, namba ya gari, namba ya kifungu, kosa moja moja pamoja na picha yake, kiasi unachodai, na siku ya mwisho ya kulipa, wiki mbili zinatosha. Itume kwa posta yenye uthibitisho wa kupokelewa, na ubaki na nakala. Jirani yangu alituma picha sita na barua ya ukurasa mmoja, na mwenye majengo alilipa mara mbili ya gharama zile kabla siku hizo hazijaisha. Kuhusu zawadi na kamisheni ambazo kampuni huwapa wasimamizi wa majengo ili waitwe mara kwa mara, kifungu cha 12110 kinazikataza kwa mtoaji na kwa mpokeaji. Ukiwa na ushahidi wake, mpelekee mwendesha mashtaka.

Wasipolipa, nenda Mahakama ya Madai Madogo ya kaunti. Mtu binafsi anaweza kudai hadi dola 12,500, na mawakili hawaruhusiwi kumwakilisha mtu kwenye kikao. Fomu ni SC-100. Ada ya kufungua madai ni dola 30 kwa dai lisilozidi dola 1,500, na dola 50 kwa linalozidi hapo hadi dola 5,000; mwenye kipato kidogo huomba msamaha wa ada kwa fomu FW-001. Mkalimani wa Kiswahili ni bure, kwa fomu INT-300, lakini omba siku ile ile unayofungua madai, kwa kuwa wakalimani wa lugha yetu ni wachache na mahakama huhitaji muda kuwatafuta. Na useme kama ni Kiswahili cha Kongo, maana mkalimani aliyekulia Mombasa anaweza asiyashike maneno yote ya mzee wa Kivu. Usimtegemee mtoto wako akutafsirie.

Tayarisha karatasi zako kwa mpangilio kabla ya siku hiyo, kwa sababu kikao huchukua dakika chache, na kwa sababu aliyefungua madai akishindwa hana rufaa, ilhali mdaiwa akishindwa anaweza kukata rufaa ndani ya siku 30. Weka juu kabisa picha ya kibao chenye tepu, kisha ya mlango wa pili, kisha nakala ya idhini, ankara, barua yako na uthibitisho wa posta. Nakala tatu za kila kitu: moja ya hakimu, moja ya mdaiwa, na moja utakayoishika mwenyewe unapozungumza.